Kugawa intaneti moja ya nyumbani kwa kompyuta kadhaa: waya, rauta ya pili na pale wengi wanapokwama

Juzi nimemaliza kumwekea mtandao dada yangu wa Mabatini. Nyumba ipo mlimani imeegemea jiwe, mbele ana fremu ya steshenari yenye kompyuta mbili na printa, ndani kuna laptopu ya mwanae anayesoma chuo, na uani kuna mpangaji ambaye wanachangia bili. Intaneti inalipiwa moja ila ilikuwa inafika sebuleni tu, wengine wote wanaunga bando kwenye simu na kuwasha hotspoti, hela inapotea bure. Majirani wameshaanza kuuliza tumefanyaje, kwahiyo naandika yote kwa mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1: ujue kinachoingia ndani

Kama ni faiba, kile kiboksi alichofunga fundi chenye waifai na matundu nyuma ndio rauta yenyewe, usikimbilie kununua nyingine. Kama ni rauta ya laini ya 4G, igeuze uone ina matundu yameandikwa LAN, yaani ya kuchomekea waya wa mtandao kwenda kwenye vifaa vyako. Zile ndogo za mfukoni za kuchaji nyingi hazina tundu hata moja, kwa kompyuta nyingi sizishauri. Kuna watu wanagawa kwa kutumia hotspoti ya Windows, inafanya kazi na inabeba vifaa 8, lakini ile kompyuta ikizimwa nyumba nzima imezimika. Kwa mtu mwenye wateja hapo mbele haifai.

Hatua ya 2: rauta ikae wapi

Katikati ya nyumba, juu, isiwe nyuma ya TV wala kwenye kona iliyoegemea jiwe. Sisi wa Mwanza wengi tumejenga kwenye miteremko, na mwamba haupitishi waifai hata kidogo, ukiweka rauta upande wa jiwe nusu ya mawimbi yanaishia hapo hapo.

Hatua ya 3: kompyuta zisizohama zipewe waya

Hapa nasimama kabisa. Kompyuta ya mezani na printa ni za waya, waifai waachie laptopu na simu. Waya hauingiliwi na waifai za majirani, na mteja anayesubiri fomu yake itumwe hana muda wa kusikia eti mtandao unazunguka.

Nunua waya wa mtandao aina ya Cat5e wa shaba halisi. Madukani kuna wa bei rahisi sana ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukikwangua uzi wake kwa kisu ukaona weupe ndani, uache. Unakatika kirahisi ukikunjwa. Mwisho wa urefu ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, nyumba za kawaida hazifiki huko.

Mpangilio wa rangi za nyuzi kwenye kichwa cha plastiki cha waya (RJ45), ukikishika kilimi chake cha kubonyeza kikiwa chini na pini zikiwa mbele, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Bana kwa krimpa (koleo la kubania vichwa), pima kwa testa ya waya, basi.

Matundu ya rauta yakipungua ongeza swichi ya mtandao (kiboksi cha kuongeza matundu) ya matundu 5 au 8, unachomeka tu, haina setingi.

Ila waya unaopita nje kwenda nyumba ya uani nina neno nao. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi mno, na waya mrefu wa shaba uliopita hewani unaweza kuleta umeme wa radi ndani hata kama haijapiga nyumba yako, ukaua swichi, rauta na tundu la kompyuta kwa mpigo. Upitishe ndani ya bomba ardhini, na wingu likianza kuwa jeusi kule ziwani uchomoe pande zote mbili. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakusaidii, waya bado umeshikilia.

Hatua ya 4: rauta ya pili kwa ajili ya uani

Soma hii taratibu maana hapa ndipo siku nzima inapotea. Kwa dada alishapita fundi akachomeka rauta ya pili na kuondoka, matokeo yake asubuhi kompyuta ya fremu inapata intaneti, mchana haipati, laptopu inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti, ukizima na kuwasha inakubali, baada ya muda inagoma tena. Watu wakawa wanalaumu mtandao wa kampuni, wakati mtandao ulikuwa mzima.

Sababu ni DHCP. Hiyo ni huduma ndani ya rauta inayogawa namba za IP (anwani ya kifaa kwenye mtandao) kwa kila kifaa na kukiambia njia ya kutokea nje ni ipi. Rauta zote mbili zikigawa, inakuwa daladala moja yenye makonda wawili wanaouza siti zile zile. Kompyuta iliyojibiwa na rauta ya kwanza inatoka nje vizuri, iliyojibiwa na ya pili inaambiwa ipitie rauta ambayo haina njia. Ndio maana tatizo linakuja na kuondoka.

Kama rauta yako ya pili ina sehemu ya kuchagua "Access Point", chagua hiyo, weka jina na paswedi ya waifai, hifadhi, iunganishe kwa waya na LAN ya rauta ya kwanza, na uruke hadi hatua ya 5. Kama haina, fuata hivi, na usibadilishe mpangilio:

Kwanza, rauta ya pili iwe peke yake, usiiunganishe na ya kwanza bado. Chomeka laptopu kwenye tundu lake la LAN, zima waifai ya laptopu, fungua brauza na uandike anwani iliyopo kwenye stika chini yake, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

Pili, weka jina na paswedi ya waifai sasa hivi, kabla ya kugusa kingine. Mimi naweka jina na paswedi sawa na rauta ya kwanza ili simu ikitembea ijihamie yenyewe. Chaneli ndio zitofautiane, kwa 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, kama ya kwanza ipo 1 hii iwe 6 au 11.

Tatu, badilisha IP ya rauta yenyewe. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Ikijiwasha upya ingia tena kwa anwani mpya. Angalia pia kwenye rauta ya kwanza inagawa namba kuanzia ngapi, iweke ianzie 100 hadi 200 ili siku moja isije ikampa mtu mwingine hiyo 2.

Nne, na hii ndio ya mwisho ndani ya setingi za rauta ya pili, zima DHCP yake. Ukishazima, laptopu ukiichomoa na kuichomeka utaona IP inayoanza na 169.254, usiogope wala usiibonyeze reset, haijaharibika, ni kwamba hakuna anayegawa namba. Ukitaka kurudi ndani jiwekee IP kwa mkono, 192.168.1.50 na mask 255.255.255.0. Ukimaliza rudisha ijitafutie yenyewe.

Tano, waya kutoka LAN ya rauta ya kwanza uingie LAN ya rauta ya pili. Sio WAN. Tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, libaki wazi. Ukichomeka WAN intaneti inaweza kupatikana, ila unakuwa na mitandao miwili, na printa iliyoko upande mmoja upande mwingine usiione.

Kuhakikisha, kwenye kila kompyuta ya Windows fungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike ipconfig. Mstari wa Default Gateway lazima usome IP ya rauta ya kwanza kote, kwa mfano huu 192.168.1.1. Ukikuta mashine inasoma 192.168.1.2, DHCP ya pili bado ipo hai. Izime, halafu kwenye mashine hiyo andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew.

Hatua ya 5: paswedi na bando

Ulinzi wa waifai uwe WPA2 au WPA3, paswedi ndefu, na zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila paswedi). Paswedi ya kuingilia kwenye setingi za rauta nayo ibadilishe, isibaki ya stika.

Kama mnatumia bando la GB, kwenye kila Windows washa "Metered connection" kwenye setingi za mtandao huo, la sivyo masasisho yatawamalizia.

Hatua ya 6: umeme

Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoishikilia umeme ukikatika. Soma kwanza adapta yako inatoa volti ngapi, nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na 5, na UPS itoe volti hizo hizo. Rauta ya pili na swichi nazo zinahitaji yao, maana umeme ukikatika rauta ya sebuleni ikabaki inawaka peke yake, fremu na uani bado wako nje.