Erişte: tambi za Kituruki kwa hewa kavu ya Dodoma

Chekecha unga wa ngano gramu 500, weka chumvi kijiko kimoja cha chai na mayai 3, kisha ongeza maziwa kidogo kidogo, yasizidi mililita 100. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Likilainika, tambi zitagandana sufuriani. Kanda dakika 10, funika nusu saa.

Sukuma unene wa milimita 2. Acha ikauke juu ya kitambaa hadi isinate lakini bado ikunjike; Dodoma dakika 15 zinatosha, ukichelewa inavunjika kisuni. Kata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Anika kivulini siku mbili, si juani: jua kali hukausha nje tu, ndani hubaki unyevu na kuota ukungu. Funika kwa kanga nyepesi, maana vumbi la hapa halina adabu.

Chemsha gramu 250 kwenye lita 2 za maji yenye chumvi, dakika 8 hadi 10. Mwinuko wetu hufanya maji yachemke chini kidogo ya nyuzi 100, kwa hiyo onja, usiamini saa. Chuja, changanya na siagi iliyoyeyushwa. Waturuki humalizia kwa jibini nyeupe na walnati. Karanga zilizokaangwa zinafaa kabisa.