Mzee anaanza kemo (dawa kali za saratani)? Msiende na majibu ya damu tu
Kama una mzazi wa miaka 65 kwenda juu anayekaribia kuanza kemo, mwulizeni daktari kuhusu CARG, hicho ni kipimo cha maswali kilitoka 2011 cha kukadiria hatari ya madhara makali ya dawa, na maswali yenyewe utashangaa: ameanguka miezi 6 iliyopita? anasikia vizuri? dawa anameza mwenyewe au mpaka asaidiwe? Sasa wazee kwa kuficha hawajambo, atasema "niko fiti" na juzi tu kateleza bafuni, kwa hiyo wewe unayeishi naye ndo useme. Himoglobini (wingi wa damu) na figo daktari ataziona kwenye karatasi, kuanguka hakuonekani huko. Hatari ikiwa kubwa, ulizeni kama dozi inaweza kuanzia chini.