Kuegemeza kiwiko mkono unapoyumba baada ya kiharusi

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi cha serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma karibu na kisogo, aegemeze kiwiko mezani kabla ya kuinua kikombe, kisha aukunje mkono taratibu kuelekea mdomoni huku kiwiko kikibaki palepale. Serebelamu ndiyo inayopatanisha bega, kiwiko na kifundo cha mkono ili viende kwa pamoja. Ikiumia, misuli huweza kuwa na nguvu zake na bado mkono ukapitiliza kikombe, au ukatetemeka zaidi unapokaribia kukigusa, kwa hiyo kulituliza bega kunaupunguzia ubongo kazi. (Mkono unaosumbua huwa wa upande uleule wa serebelamu ulioumia, tofauti na viharusi vya ubongo mkubwa.) Kikombe kijazwe nusu tu, tena kwa kinywaji kisicho moto. Mbinu hii haifui dafu iwapo kiwiliwili chenyewe kinayumba: hapo mgonjwa aketishwe kwanza kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikikanyaga sakafu. Anayepaliwa anapokunywa achunguzwe umezaji wake na mtaalamu kabla ya kukabidhiwa kikombe chochote.