Barua ya TSC imekufikia: kesi ya nidhamu ya mwalimu, kutoka bodi ya shule hadi mahakamani

Simu ikilia saa nne usiku kutoka kwa nambari nisiyoijua, kwa kawaida ni mwalimu aliyepokea mchana barua ya nidhamu kutoka TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. Ameshinda nayo mfukoni, hajamwonyesha mtu nyumbani. Swali lake la kwanza huwa moja: "Mzee, nimefutwa?"

Hapana, bado. Hiyo barua haijakufuta. Mimi ni mwakilishi wa walimu katika tawi la chama hapa Kenya, na kwa miaka mingi nimeketi vikaoni pamoja na wenzangu walioshtakiwa. Wengine walirudi darasani, wengine walimwaga unga, na wachache, nitasema wazi, walistahili. Nilichojifunza ni kwamba kesi nyingi huamuliwa kabla jopo la nidhamu la TSC halijaketi, kwa kurasa mbili ambazo mwalimu aliziandika akiwa na hasira. Ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Jua unashindana na nani

Ibara ya 237 ya Katiba ya 2010 inaipa TSC kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo, kuwaadhibu na kuwafuta. Yaani anayekulipa ndiye anayeshika rejista, na ndiye anayekuhukumu. Kwa hivyo unaweza kupoteza vitu viwili tofauti. Ukifutwa kazi, umepoteza ajira ya serikali. Ukiondolewa kwenye rejista, huruhusiwi kufundisha shule yoyote nchini, hata ile ya kibinafsi yenye darasa tatu za mabati. Na mwalimu wa shule ya kibinafsi asijidanganye kwamba TSC haimhusu. Haimlipi, lakini nambari yake ya usajili iko mikononi mwao.

Tafuta stakabadhi tatu uzisome mwenyewe: Sheria ya TSC ya 2012, Kanuni za Utumishi wa Walimu za 2015, na Kanuni za Maadili za mwaka huohuo. Usisomewe na jirani.

Hatua ya 2: Bodi ya shule si baraza la wazee

Malalamishi yakifika kwa mwalimu mkuu, uchunguzi hufanywa na Bodi ya Usimamizi au na afisi ya TSC ya kaunti. Utaandikiwa ujieleze, kisha uitwe. Walimu wengi huidharau bodi. "Nani hao? Mwenye duka la mbolea na mchungaji?" Basi ujue kumbukumbu za kikao cha huyo mwenye duka la mbolea ndizo zitakazosafiri hadi makao makuu ya TSC, Upper Hill, Nairobi, na jopo litazisoma kabla ya kukuona uso.

Nenda. Uliza umelalamikiwa nini hasa, lini na wapi. Omba uonyeshwe maandishi ya walalamishi. Ukijibu, mwambie katibu akuandike kama ulivyosema, na usitie sahihi ukurasa ambao hujausoma. Bodi ikiona hakuna kesi, mambo yanaishia hapo. Ikiona ipo, unaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa muda, ile ambayo chumbani mwa walimu tunaiita intadiksheni.

Hatua ya 3: Soma barua mara tatu

Mara ya kwanza tafuta tarehe. Mara ya pili tafuta shtaka lenyewe, neno kwa neno. Mara ya tatu angalia kuhusu mshahara. Mashtaka mengi hukuacha na nusu mshahara, lakini kuna makosa, kama uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, kutoroka kazi au kufuja pesa za shule, ambayo hukuacha mikono mitupu tangu siku hiyo.

Kabidhi vitu vya shule ndani ya saa 48 na uondoke: vitabu, funguo, rekodi za alama. Andika orodha, mwalimu mkuu atie sahihi, baki na nakala. Kisha kila mwisho wa mwezi nenda ukatie sahihi katika daftari la afisi ya kaunti. Inachosha na inaaibisha, najua, hasa ukikutana hapo na mwanafunzi wako wa zamani anayefanya kazi mapokezi. Nenda tu.

Hatua ya 4: Siku 21 za kuandika utetezi

Kuanzia tarehe iliyo kwenye barua una siku 21 za kupeleka maelezo yako kwa maandishi. Hazihesabiwi tangu siku uliyopata nguvu ya kufungua bahasha.

Tuchukue shtaka la mfano: kwamba mnamo tarehe 14 Mei ulimchapa mwanafunzi wa Gredi ya 6 kwa fimbo na kumjeruhi mkono. Hivi ndivyo maelezo ya kwanza huja mezani kwangu, karibu kila mara:

"Madai haya ni uongo mtupu. Mwalimu mkuu amenichukia tangu nilipohoji pesa za chakula. Mimi ni mwalimu wa miaka kumi na tisa, mcha Mungu na mzazi wa watoto wanne. Huyo mtoto anajulikana kwa utundu. Hata kama niligusa mkono wake, ilikuwa kumrekebisha kama mzazi."

Hebu tuyachambue. Sentensi ya kwanza haina ushahidi. Ya pili inaweza kuwa kweli kabisa, lakini haijibu kama mtoto alipigwa. Ya tatu haina uzito popote. Ya nne inamshambulia mtoto, na jopo halipendi. Ya tano ndiyo kaburi: umekiri. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekifanya kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hakuna mzazi mwenye uwezo wa kukupa ruhusa ya kuvunja sheria hiyo. Nimeona mwalimu akileta barua ya mama mtoto inayosema "nilimwambia amchape", akidhani ni ngao. Alikuwa ameleta ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Sasa maelezo ya mwalimu huyohuyo baada ya kukaa chini akapoa:

"Mnamo tarehe 14 Mei, kipindi cha tatu, kuanzia saa nne kasoro dakika kumi hadi saa nne na dakika ishirini na tano, nilikuwa nikifundisha Gredi ya 4. Nimeambatisha ratiba na ukurasa wa rekodi yangu ya kazi wenye sahihi ya mkuu wa idara. Sikuingia Gredi ya 6 siku hiyo. Fomu ya zahanati inaonyesha mtoto alitibiwa tarehe 16. Naomba mwalimu wa zamu wa tarehe 14 na 15 aitwe."

Hakuna tusi, hakuna Mungu, hakuna mwalimu mkuu. Kuna saa, ukurasa, na mtu anayeweza kuulizwa. Kama kweli ulikuwapo na jambo lilitokea, eleza lilivyotokea bila kulipaka rangi. Jopo limeshasikia kila aina ya hadithi, na mtu anayekubali theluthi moja ya shtaka kwa ukweli huaminiwa zaidi katika theluthi mbili anazokanusha.

Jibu kila shtaka kwa aya yake. Ambatisha nakala, baki na za asili. Peleka kwa mkono na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mwalimu mmoja niliyemwakilisha alimwachia shemeji yake bahasha siku ya kumi na tisa kwa sababu shemeji "anapita mjini". Bahasha ilifika, au haikufika, hadi leo hatujui. Muhuri haukuwapo, na tuliingia kikaoni tukianza kwa kuomba radhi.

Hatua ya 5: Usimguse mlalamishi

Usimpigie mzazi simu. Usimtume mchungaji, chifu wala kakako. Nina kesi moja ambayo nilidhani tungeishinda, ushahidi ulikuwa mwembamba kweli. Kumbe ndugu wa mwalimu alikuwa amemtumia baba mtoto shilingi 15,000 kwa M-Pesa "za nauli". Mwenyekiti wa jopo aliusoma ule ujumbe polepole, pamoja na saa na dakika yake, kisha akamuuliza mwalimu: "Nauli ya kwenda wapi?" Sikuwa na cha kuongeza.

Katika kesi za ngono jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inampa mwalimu anayemshawishi mwanafunzi kifungo kisichopungua miaka kumi, na "ametimiza miaka 18" au "alikubali" havikuokoi, kwa sababu kosa liko katika mamlaka uliyo nayo juu yake. Familia haina uwezo wa kuifuta kesi hiyo kienyeji, kwa mbuzi wala kwa pesa. Nawe mwenzake unayejua ukanyamaza, Waraka Nambari 3 wa TSC wa 2010 unakutaka uripoti ndani ya saa 24, na kunyamaza ni kosa la nidhamu lenyewe. Mimi humwambia mwalimu wa aina hii kwamba nitahakikisha anasikizwa kwa haki. Kumsafisha si kazi yangu.

Hatua ya 6: Kikaoni, na jinsi jopo linavyopima

Kikao huwa makao makuu au karibu na kaunti yako. Meza ndefu, faili nene, maji ya chupa. Shtaka linasomwa, unaulizwa kama unakubali, mashahidi wanaingia mmoja mmoja. Unaruhusiwa kuwauliza maswali na kuleta wako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unapojieleza, kwa hivyo usiende peke yako ukirudi ukalalamika.

Uliza maswali mafupi. "Ulikuwa umesimama wapi?" hushinda "Si kweli kwamba wewe ulitumwa?" Shahidi akiwa mtoto, punguza sauti, usimkabili. Ukimliza umeshindwa.

Wengi hawaelewi kipimo. Mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasi na shaka. Jopo la nidhamu huuliza tu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, kwamba lilitokea au halikutokea. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuachiliwa na hakimu Jumatatu na kufutwa na TSC Ijumaa, bila mgongano wowote wa kisheria. Hakimu hakusema hukufanya. Alisema upande wa mashtaka haukufikisha ushahidi pale panapotakiwa. Ilete hukumu hiyo, inasaidia, lakini leta na mengine.

Pia jopo halikai hewani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba TSC na Serikali haziwezi kukwepa lawama mwalimu wao anapowadhulumu wanafunzi kingono. Tangu hapo, kila anayeketi upande ule wa meza anajua kwamba kumrudisha darasani mtu hatari ni gharama yao pia.

Likiisha kuamua kwamba lilitokea, jopo huuliza kama ni kosa chini ya kanuni, kisha adhabu. Hapa ndipo faili lako la zamani huingia: onyo la awali, ripoti za utendaji, kama mtoto aliumia, kama pesa zilirudishwa kabla au baada ya kukamatwa.

Hatua ya 7: Uamuzi

Ukipatikana huna hatia, kusimamishwa kunaondolewa na unalipwa ulichokatwa. Jiandae kuhamishwa shule, na mara nyingi ni heri. Ukipatikana na hatia, kuna onyo la maandishi, kuna kusimamishwa bila mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, kuna kupigwa kalamu, na kuna kupigwa kalamu pamoja na kuondolewa kwenye rejista.

Hatua ya 8: Kama hukuridhika

Una siku 90 za kuomba kamati ya TSC ipitie upya uamuzi. Usinakili utetezi wako wa kwanza ukaupeleka tena na wino mpya. Leta kitu ambacho hakikuwapo: shahidi aliyekuwa hospitalini, stakabadhi uliyonyimwa, au kosa la utaratibu unaloweza kulionyesha kwa tarehe, kwa mfano kwamba hukupewa maelezo ya mashahidi.

Baada ya hapo kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hapo tafuta wakili, si mimi. Jaji haanzi kesi upya. Anauliza kama mwajiri alikuwa na sababu aliyoiamini kwa dhati wakati ule, na kama alifuata utaratibu wa haki. Nimeona mwalimu akishinda kwa swali la pili huku la kwanza likiwa limemlemea. Akiona ulionewa, anaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini kunawezekana, ila kabla miaka mitatu haijapita tangu ufutwe. Kesi yenyewe ya ajira pia ina ukomo wa miaka mitatu, nayo hupita haraka kwa mtu anayengoja "wakubwa wanaongea na wakubwa".

Ukinipigia leo usiku, usianze na habari za mwalimu mkuu. Nisomee tarehe iliyo juu ya barua.