Ikama ikibana: namna ya kugawa watumishi wachache kando ya ziwa

Julai 1 ikifika, mwaka mpya wa fedha ukianza, sisi wa ofisi za utumishi tunajikuta palepale kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi kwa kila kituo: maombi ya watu lundo, kibali cha ajira kiduchu. Kwenye halmashauri yetu hapa mkoani Mwanza, yenye visiwa vyake, mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu majina. Orodha ya mishahara itakwambia zahanati ya kisiwani ina watatu. Panda boti. Safari moja nilifungua daftari la mahudhurio nikakuta sahihi za wiki mbili zimewekwa kwa mkupuo, wino uleule, hadi Jumapili. Muuguzi alikuwepo mmoja. Mwenzake yuko masomoni. Wa tatu "ameazimwa" mjini tangu mwaka juzi, na barua ya kuazimwa haionekani. Nami nilishaomba wawili wapya! Uhakiki wa serikali wa 2016 ulisaka watumishi hewa, majina yanayolipwa bila mtu. Hawa si hewa, wapo. Ila hawapo wanapolipiwa.

Hatua ya 2: Pangilia kituo kwa kituo: wanaohitajika, waliopo, pengo. Kwa walimu, shuka hadi somo. Shule inaweza kujaa walimu na isiwe na wa hisabati hata mmoja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya uhamisho kabla ya kuandika barua. Ukimhamisha mtu ambaye hakuomba, unadaiwa posho ya kujikimu, nauli na gharama za mizigo. Barua isiyo na fedha ni deni, na madeni ya watumishi hayaozi. Anza na wanaotaka kubadilishana vituo. Na uliza nyumba: muuguzi asiye na pa kulala kisiwani atarudi na boti ya kesho.

Hatua ya 4: Orodhesha wanaotimiza miaka 60, umri wa kustaafu, mwaka huu wa fedha. Tarehe zao unazo, kwa hiyo usishtukizwe. Omba mapema kibali cha ajira mbadala, yaani cha kujaza nafasi zao, maana mshahara wa anayeondoka tayari umo kwenye bajeti. Hoja hiyo ina nguvu kuliko kuomba nafasi mpya.

Hatua ya 5: Mikataba ya muda inayolipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri, kwa tahadhari. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, na ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, unashuka. Toa mkataba wa miezi michache, na mshahara wa mwezi wa mwisho utengwe kabla mtu hajaripoti.