Nairobi hadi New York: kupiga hesabu ya umbali na saa za angani

Kazi yangu ni kuwakatia watu tiketi za ndege. Mama mmoja aliwahi kuniuliza mwanawe atakaa angani muda gani kutoka Nairobi hadi New York. Nikatazama tiketi: kuondoka 23:00, kufika 06:30. "Saa saba na nusu, mama." Asubuhi alinipigia, sauti inatetemeka: muda umepita na simu ya mtoto haipatikani. Kosa lilikuwa langu, ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1. Acha ramani ya ukutani. Chukua tufe la dunia na uzi, uvute kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Kwenye ramani bapa mstari ungepita Nigeria na Burkina Faso. Uzi unapita Chad, Algeria na Morocco. Uzi ndio njia fupi.

Hatua ya 2. Tafuta latitudo (digrii kutoka ikweta) na longitudo (digrii mashariki au magharibi) za viwanja vya ndege. JKIA, cha Nairobi: –1.319 (iko kusini mwa ikweta) na 36.928 mashariki. JFK, cha New York: 40.640 kaskazini na 73.779 magharibi. Kimoja kiko mashariki na kingine magharibi, kwa hiyo longitudo zinajumlishwa: 110.707. Wengi hutoa hapa, hesabu yote ikaharibika.

Hatua ya 3. Weka kikokotoo kwenye digrii:

sin(–1.319) × sin(40.640) + cos(–1.319) × cos(40.640) × cos(110.707)

Utapata –0.2832. Bonyeza cos⁻¹, inatoka digrii 106.45: ndio urefu wa ule uzi kwa digrii. Kila digrii ni maili 60 za baharini, na maili moja ni km 1.852. Zidisha: maili 6,387, yaani kama km 11,830.

Hatua ya 4. Ndege kubwa kama Boeing 787, inayotumika kwenye safari hii ya moja kwa moja iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, hukata karibu km 900 kwa saa. Lakini pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mimi hupunguza 50 ndege ikielekea Marekani, na kuongeza 50 ikirudi. 11,830 ÷ 850 ni kama saa 13 na dakika 55. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: karibu saa 14 na nusu. Kurudi ni kama saa 13.

Hatua ya 5. Linganisha na tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 majira ya joto ya huko, saa 8 majira yao ya baridi. Tiketi ya yule mama ilikuwa ya Julai: saba na nusu, jumlisha saba, ni kumi na nne na nusu.

Sasa humwandikia mzazi kwenye karatasi, kwa saa zetu: anaondoka saa tano usiku, anatua kesho yake saa saba na nusu mchana. Kabla ya hapo simu yake haitapatikana.