Antibodi ikifika usiirushe tu kwenye friza
Jamani mnaoagiza antibodi za utafiti (protini zinazoshika protini fulani ili uione), kichupa kikifika kizungushe kwanza kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) sekunde chache kabla hujakifungua, maana mara nyingi kuna tone limeng'ang'ania kwenye kifuniko na lile tone ni hela yako. Halafu soma karatasi yake ndo uigawe kwenye vityubu vidogo, ila isiwe chini ya maikrolita 10 kila kimoja, ikiwa kidogo sana inakauka na protini inanata kwenye kuta za tyubu. Weka nyuzi 20 chini ya sifuri, na sio friza ile inayojiyeyushia barafu yenyewe, hiyo joto linapanda linashuka na antibodi haipendi kabisa kugandishwa na kuyeyushwa kila mara. Zile zenye rangi ya kung'aa usigandishe, weka nyuzi 4 gizani, zungushia foili.

Alafu namba ya loti (yaani toleo la uzalishaji) iandike, hasa kama ni poliklono, ile mchanganyiko wa antibodi inayotolewa kwenye damu ya mnyama, kwa sababu mnyama akibadilika na antibodi imebadilika. Mimi niliwahi kuhangaika wiki 3 nalaumu bafa (kimiminika cha kipimo), nabadilisha membreni (karatasi inayonasa protini), kumbe loti mpya!

Na kabla hujalipa muulize muuzaji picha ya blot (kipimo kinachoonyesha protini kama mstari kwenye membreni) ya seli zilizoondolewa jeni ya protini ambayo antibodi inatakiwa kuishika. Mstari ukiwa bado upo pale pale ujue antibodi inashika kitu kingine, na akianza kukuzungusha tu hana hiyo picha, tafuta muuzaji mwingine.